Maji ya Yordani na Ndoo ya Mlangoni

Jumapili ya 28 ya Mwaka C, 12 Oktoba 2025
Masomo: 2 Wafalme 5:14–17, 2 Timotheo 2:8–13, Luka 17:11–19



Ndugu wapendwa wasikilizaji, ninyi mlio mjini Sumbawanga na ninyi wa Laela, Mpui, Matai na Namanyere, ninyi mlio chini bondeni, Mtowisa na Ilemba, na ninyi mnaotusikiliza kando ya Ziwa Tanganyika, Kirando na Kasanga, tunawasalimu nyote. Tunawasalimu kwa namna ya pekee makatekista, kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno ya leo inawahusu, na mtaona sababu yake.

Somo la kwanza la Jumapili hii limeanza katikati ya kisa. Tumesikia tu kwamba Naamani aliteremka mtoni Yordani, akajichovya mara saba, akatoka majini ngozi yake ikiwa safi. Aya 13 za mwanzo hazikusomwa, nasi twawaomba mzisome nyumbani leo jioni, maana humo ndimo lilimo jambo lenyewe. Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Aramu, mtu mkubwa, mwenye farasi na magari, naye alifika kwa nabii Elisha akiwa na mzigo wa fedha na dhahabu. Nabii hakutoka hata kumwangalia. Alimtuma mtu amwambie akaoge mtoni. Basi yule mkubwa akakasirika sana. Alitazamia jambo kubwa, nabii asimame, aite jina la Mungu wake, apunge mkono juu ya ugonjwa. Badala yake akaambiwa neno ambalo mama yeyote humwambia mtoto wake kila asubuhi. Akageuza farasi kurudi kwao, na angekufa na ukoma wake kama si watumishi wake waliomsogelea kwa heshima, wakamuuliza kama asingalitenda jambo gumu endapo nabii angemwagiza jambo gumu.

Katika Injili nako, wale kumi walisimama mbali. Mara nyingi tumehubiri kana kwamba kusimama kwao mbali kulikuwa aibu tupu. Kulikuwa na aibu, ni kweli. Lakini kulikuwa pia na Sheria, ile ya kitabu cha Walawi sura ya 13, iliyomtaka mwenye ugonjwa wa ngozi akaguliwe na kuhani, atengwe siku saba, akaguliwe tena, na apokewe iwapo amepona. Tulipokuwa seminari kuu tulizoea kuipita sura hiyo haraka, tukiona inachosha, imejaa madoa na nywele na rangi za vidonda. Mwaka 2020 tuliisoma upya, polepole. Yule kuhani alikuwa, kwa lugha ya siku zetu, bwana afya wa taifa la Mungu. Naye Yesu, aliyeweza kuponya kwa neno moja, hakumdharau bwana afya. Aliwatuma wale kumi wakajionyeshe kwake, nao walipona wakiwa njiani kwenda kukaguliwa.

Ndugu wapendwa, mnajua tunakoelekea. Tarehe 16 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu, msafiri aliyetua kutoka Ubelgiji na kuonekana Arusha. Kesho yake shule zilianza kufungwa. Makanisa hayakufungwa. Na maagizo yaliyotufikia yalikuwa yale ya Elisha: nawa kwa maji na sabuni, simama mbali kidogo na mwenzako, funika mdomo na pua kwa barakoa, fungua madirisha, na ukijisikia homa na kikohozi baki nyumbani au ukajionyeshe zahanati.

Wengi tulikasirika kama Naamani. Ugonjwa uliofunga viwanja vya ndege vya dunia nzima, ati tupambane nao kwa sabuni ya mche!

Katika kigango kimoja cha uwanda wetu wa juu, katekista aliweka ndoo yenye koki juu ya miti mitatu mlangoni mwa kanisa. Maji aliyachota mwenyewe kisimani, maana kila aliyemwomba msaada alicheka. Jumapili ya pili akafika mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na heshima zake, akaipita ndoo, akasema kwamba Mungu halindwi na sabuni. Katekista alichuchumaa, akapiga makofi taratibu kama watoto wa Kifipa tulivyofundishwa kuwasalimu wakubwa, akamwambia: "Baba, ningekuambia utoe ng'ombe mmoja ili wajukuu wako wasiugue, ungekataa?" Mzee akajibu kwamba angetoa hata wawili. "Basi, Baba, leo hatutaki ng'ombe. Tunaomba mikono tu." Mzee akanawa. Tulipomuuliza katekista baadaye kama aliyatoa maneno yale katika kisa cha Naamani, alisema hakukumbuka kabisa, yalimjia tu.

Tumetaja kupiga makofi, na hapa turuhusuni tutoke kidogo njiani. Maagizo ya kutoshikana mikono yalipotoka, vijana waliyaona ya kigeni. Wazee waliyaona ya nyumbani. Kuinama kwa mbali na kupiga makofi ni adabu waliyoirithi, na mtu hakuhesabiwa kuwa na kiburi kwa kutotoa mkono. Kwa hiyo lile tuliloliona gumu tulikuwa nalo tayari, tuliliacha wenyewe. Lililokuwa geni kweli kwetu ni dirisha. Ninyi mnaujua upepo wa Ufipa mwezi Juni na Julai. Nani anafungua madirisha ya kanisa katika baridi ile? Tuliyafunga yote, tukajaa, tukaimba kwa nguvu saa mbili. Leo twafahamu vizuri zaidi kuliko tulivyofahamu mwanzoni mwa mwaka 2020 kwamba virusi vya korona hutoka na pumzi, katika matone na katika chembe ndogo sana zinazoelea hewani, na kwamba chumba kilichojaa watu na kufungwa ndicho mahali vinapopenda. Sabuni ilikuwa njema, na ni njema hata leo kwa magonjwa mengi. Lakini lile dirisha lilikuwa muhimu kuliko tulivyolihesabu.

Na nyungu? Mmetuuliza mara nyingi juu ya kujifukiza. Mvuke wa majani humpa nafuu mwenye kifua kilichobana, hilo hatulikatai. Mvuke hauui virusi vilivyo ndani ya mwili. Watu watano waliojifunika blanketi moja juu ya sufuria moja, wakipumuliana usoni, walikuwa wanagawana ugonjwa. Nao wako watoto waliounguzwa na maji yale ya moto.

Sasa tufike mahali ambapo tungependa kupapita.

Mwezi Mei 2020 takwimu za nchi yetu zilisimama, wagonjwa waliotangazwa wakiwa 509, na mwezi Juni ikasemwa kwamba ugonjwa umekwisha. Watu walirudi kwenye mikusanyiko, na ndoo nyingi zilirudishwa jikoni. Kisha likaja wimbi la pili, kuanzia mwisho wa mwaka ule hadi miezi ya kwanza ya 2021. Hapo lugha yetu ilibadilika. Hakuna aliyeugua korona. Watu walikuwa na "changamoto ya upumuaji", walikuwa na "nimonia", walikuwa na "presha iliyopanda ghafla". Tarehe 26 Januari 2021 Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, aliyekuwa kabla ya hapo Askofu wa jirani zetu wa Mpanda, akiwa Rais wa Baraza la Maaskofu aliandika barua ya kuonya kwamba wimbi jipya lipo na kwamba tahadhari zirudi. Mwanzoni mwa Machi Katibu Mkuu wa Baraza hilo, Padre Charles Kitima, alisema hadharani kwamba katika muda wa miezi miwili hivi mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki nchini, wengi wakiwa na shida ya kupumua. Hawa ni watu tuliosoma nao, tuliokula nao. Kule Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, aliugua, na chama chake kilitangaza waziwazi kwamba ni korona. Alifariki tarehe 17 Februari, siku ya Jumatano ya Majivu. Siku hiyohiyo sisi mapadre tulikuwa tukinyunyiza majivu vichwani mwa waamini, tumevaa barakoa, bila kumsemesha mmoja mmoja, kama Roma ilivyoagiza mwezi Januari. Waamini walitutazama kwa mashaka. Nasi hatukuwaeleza vya kutosha.

Na hili tunaliungama mbele yenu. Katika miezi hiyo, katika kijiji ambacho hatutakitaja, kijana mmoja alirudi nyumbani kutoka Tunduma, anakohoa. Mama yake alimuuguza, mjomba wake akalala naye chumba kimoja. Katika wiki zisizozidi sita tulizika watatu. Wauguzi waliiambia familia kwa sauti ya chini ni nini walichokishuku. Familia ilitueleza nasi. Tuliongoza misa tatu za mazishi, na katika mahubiri yote matatu tulisema juu ya mapenzi ya Mungu, juu ya safari, juu ya maua yanayonyauka. Neno moja juu ya ugonjwa ule hatukusema. Kanisa lilikuwa limejaa, madirisha yamefungwa, na baada ya mazishi watu walikwenda kunawa katika beseni moja na kukizunguka chungu kimoja.

Ndugu wapendwa, mahali ambapo ugonjwa hauna jina, watu hulitafuta jina. Na sisi tunaishi katika mji ambao jina lake, kama wazee wanavyotufasiria, lina maana ya kuutupa uchawi. Watu walianza kuulizana: watatu katika nyumba moja, kwa nini? Wakakumbuka kwamba bibi mmoja mjane, jirani, alikwenda kumpa pole yule kijana akamshika mkono. Hakuugua. Naam, hilo ndilo lililomponza, kwamba hakuugua. Kwanza walikataa moto wake, kisha wakakataa salamu yake, na usiku mmoja mawe yalianguka juu ya bati lake. Alfajiri aliondoka na kibegi na kuku wawili, akateremka bondeni kwa binti yake.

Tulijua. Tulijua kilichowaua watu wale, na tungaliweza kusimama siku ya Jumapili na kueleza kwamba virusi havichagui nyumba kwa chuki, kwamba huingia kwa pumzi, kwamba anayemuuguza mgonjwa usiku kucha ndiye aliye karibu zaidi na hatari, na kwamba wengine huambukizwa wasionyeshe dalili yoyote. Tulijiambia kwamba si kazi ya padre kutangaza magonjwa ya watu. Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala hatutaki katekista yeyote alielewe vibaya: siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa, na asiwepo mtu wa kusimama mimbarini kutaja aliyeugua nini bila ruhusa yake au ya wafiwa. Lakini tungaliweza kuwaomba wafiwa ruhusa, na hatukuwaomba. Tungaliweza kufundisha juu ya ugonjwa bila kumtaja mtu, na hatukufundisha. Tuliogopa kuonekana tunabishana na wakubwa, na ghali ya woga wetu ilimwangukia mjane.

Wazee miongoni mwetu wanajua kwamba halikuwa kosa la mara ya kwanza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa nchini kwetu mwaka 1983, huko Kagera, na kwa miaka mingi hapa kwetu hakufa mtu kwa UKIMWI. Walikufa kwa kifua kikuu, walikufa kwa kulogwa. Tulizika vijana, na tulitafuta bibi wa kulaumu.

Sasa makatekista, tunaomba mtusikilize. Korona ilikoma kuhesabiwa dharura ya dunia tarehe 5 Mei 2023, baada ya kuua watu wapatao milioni saba kwa hesabu zilizoandikishwa, na zaidi sana kwa makadirio. Virusi vyenyewe havikuondoka. Na vingine viko njiani kila mara. Mwezi Machi 2023 homa ya Marburg ilizuka Bukoba, ikaua sita kati ya tisa waliougua. Januari 2025 ilizuka tena Biharamulo, na wote kumi waliohesabiwa walifariki. Machi mwaka huu nchi yetu ilithibitisha wagonjwa wa mpox, ugonjwa ulioitesa sana Kongo, na ninyi wa Kirando na Kasanga mnajua ni mitumbwi mingapi inayovuka Ziwa. Kila ugonjwa una mlango wake. Korona huingia kwa hewa, hivyo barakoa na dirisha. Marburg huingia kwa kugusa damu, matapishi na jasho la mgonjwa, na zaidi sana kwa kuuosha mwili wa marehemu, hivyo mazishi yakabidhiwe kwa watu wa afya, hata ikituuma. Mpox huingia zaidi kwa kugusa vidonda na matandiko. Asidanganyike mtu kwamba agizo moja linatosha kwa yote. Ukiwa na shaka, piga namba 199 ya Wizara ya Afya, haina malipo, au mtume mtu zahanati.

Juu ya chanjo mmesikia mengi. Chanjo za kwanza za korona, zaidi ya milioni moja, zilifika Dar es Salaam tarehe 24 Julai 2021, na siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu. Marehemu Papa Fransisko mwezi uliofuata aliliita jambo hilo tendo la upendo. Chanjo haikumzuia kila mtu asiambukizwe, na waliosema itazuia kabisa walitia chumvi. Ilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo, hasa kwa wazee na wenye kisukari na presha. Vijana wanaotuuliza kama chanjo ni njama, tunawaomba watazame mkono wa bibi au babu yao. Lile kovu la duara begani ni la ndui. Ndui iliua na kupofusha katika nchi zote hizi, na mtu wa mwisho kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali wa Merca, mwaka 1977. Haupo tena duniani. Uliondoshwa kwa chanjo, kijiji baada ya kijiji, na watu waliotembea kwa miguu.

Makatekista wa Ufipa mna baba katika kazi hii. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea uganga kisiwani Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema. Alikaa huko akifundisha dini na kutibu wagonjwa hadi kifo chake mwaka 1956. Hospitali yetu hapa mjini ina jina lake. Alikuwa katekista na mganga katika mwili mmoja, wala hatujasikia kwamba aliona haya kuchukua dawa kwa mkono mmoja na rozari kwa mkono wa pili.

Yule mjane tulimfuata mwaka jana. Tulikaa naye barazani kwa binti yake, tukamwomba msamaha, mambo ambayo padre huyazoea kuyasikia kuliko kuyasema. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwita mjukuu alete maji, tukanawa, tukala naye ugali na samaki wa Ziwa Rukwa. Nyumba yake ya juu bado imefungwa. Tumekwenda pia kwa familia ile ya watatu, na baada ya mazungumzo marefu wametupa ruhusa waliyotunyima sisi wenyewe kwa kutoiomba. Tunaweza sasa kusema katika kanisa lao, mbele ya majirani wote, kile kilichowaua wapendwa wao.

Tutafanya hivyo tarehe 2 Novemba, ambayo mwaka huu Kumbukumbu ya Marehemu Wote inaangukia Jumapili. Tunaziomba parokia nyingine zifanye vivyo hivyo. Familia zilizofiwa kati ya mwaka 2020 na 2022, zikipenda, zilete kwa katekista majina ya marehemu wao, na pembeni ya jina waandike ugonjwa kama walivyoambiwa na waganga, au waache wazi kama hawataki usomwe. Majina yote yatasomwa. Makatekista wayafikishe parokiani kabla ya Jumamosi tarehe 25 Oktoba, na siku hiyo ya misa wahakikishe ndoo ina maji na madirisha yamefunguliwa, hata kama kutakuwa na upepo.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.